Tundu Dogo Juu ya Sikio: Kisa cha Mtoto Aliyeanguka Kutoka Mparachichini

Mvulana wa miaka 9, kilo 25, mwanafunzi wa darasa la tatu, alianguka kutoka kwenye mparachichi nyuma ya nyumba ya bibi yake, kwenye miteremko ya Rungwe. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, msimu wa kuangua. Upembo ulikuwa mfupi na matunda mazuri yalikuwa juu, akapanda. Tawi likakatika. Alianguka kama meta tatu, upande wa kulia wa kichwa ukapiga kwenye mzizi uliochomoza, juu kidogo ya sikio. Alizimia kwa muda ambao bibi yake anaueleza kuwa ni "wa kumwita jirani mara mbili". Kisha akaamka, akalia, akaomba asichapwe.

Alitembea mwenyewe mpaka ndani, akala ndizi, akatapika jioni. Zahanati aliyopelekwa ilimpa paracetamol na kuwaambia warudi hali ikibadilika. Hakuna aliyewaeleza hali ikibadilika inafananaje. Usiku alitapika mara tatu, na alfajiri akawa mzito kuamka. Bibi alimbeba mgongoni kwa kitenge mpaka barabarani, akapanda Noah hadi kituo cha afya. Hapo alikutana na tabibu anayestahili sifa zote: alimulika mboni za macho, akaandika saa, akaweka kanula, kimrija cha mshipani, akamlaza kichwa kikiwa kimeinuliwa, na akaita gari la wagonjwa badala ya kusema "mpelekeni Mbeya". Gari lilitambaa kwenye ukungu wa Isongole, likafika kwetu jijini Jumapili saa kumi jioni. Saa 26 zilikuwa zimepita tangu tawi likatike.

Ninaandika kisa hiki kwa ridhaa ya familia. Nimeacha jina la mtoto, kijiji na tarehe. Ninakiandika kwa wenzangu wa hospitali za wilaya na mikoa, na kwa mzazi yeyote anayetaka kuelewa madaktari wanafanya nini wanaposema watatoa damu kichwani kwa tundu dogo.

Namba 11 iliyokuwa ya uongo

Nilipoitwa, fomu ya mapokezi ilikuwa na namba 11. Ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na ambacho hadi leo ndiyo lugha ya pamoja ya wote wanaohudumia majeruhi wa kichwa: macho alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15. Chini yake kabisa ni 3. Daktari wetu kijana, aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, alikuwa ameandika macho 3, mwendo 6, maneno 2. Maneno 2 maana yake mgonjwa anatoa sauti tu, hazieleweki.

Nilipofika kitandani mtoto alikuwa amelala, midomo imekauka. Nikamwita kwa jina, akafumbua macho, akasema neno moja kwa sauti ndogo. Daktari kijana akanitazama kama kusema, unaona? Bibi aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda akakohoa.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, dokta. Huyu mtoto anaomba maji. Amesema *amisi*. Toka alipofika anaomba maji, ninyi mnaandika tu."

Daktari wetu alisomea kanda nyingine ya nchi na alikuwa na wiki ya pili Mbeya. Hakujua Kinyakyusa, na hakukosea kwa uvivu. Mtoto anajua Kiswahili vizuri, anasoma kwa Kiswahili, lakini mtu akiumwa kichwa namna ile hurudi kwenye lugha aliyoanza nayo. Nikamwomba bibi amuulize maswali yangu mwenyewe kwa Kinyakyusa: mwalimu wake ni nani, yuko wapi, jana alifanya nini. Alijibu yote. Mwalimu alimtaja, akajua yuko hospitali Mbeya, akakumbuka mti na tawi. Maneno yalikuwa 5, na jumla ni 14.

Tofauti ya 11 na 14 ni kubwa peke yake, lakini hilo silo lililonitisha zaidi. Kwa mtoto mwenye damu kichwani, namba moja haisemi mengi. Tunachofuata ni mwelekeo wake. Kama tungeanza na 11 ya uongo, kisha saa tatu baadaye mtoto akashuka kweli kutoka 14 hadi 12, fomu ingeonyesha amepanda kutoka 11 hadi 12. Tungemwandikia "anaendelea vizuri" huku ubongo unasukumwa. Nimerudia hesabu hii kichwani mara nyingi tangu siku ile.

Picha, na saa nne za kungoja

Picha ya CT ilionyesha umbo ambalo kila anayesoma picha za kichwa analijua: doa jeupe lenye umbo la lenzi, limebinuka pande zote mbili, limejishikiza upande wa kulia juu ya sikio. Damu yenye umbo la lenzi iko kati ya mfupa na utando mgumu unaoufunika ubongo. Ingekuwa chini ya utando huo ingetandaa kama mwezi mchanga juu ya uso wa ubongo. Mfupa ulikuwa na ufa mwembamba, na ufa huo ulipita juu ya mfereji wa ateri ya utando, ule mshipa unaopita ndani ya mfupa mwembamba wa panja. Hapo ndipo fuvu la binadamu lilipo dhaifu, na la mtoto ni jembamba zaidi.

Bonge lilikuwa na urefu wa sentimita 5, unene sentimita 1.8, na kimo cha sentimita 5 kwa kuhesabu vipande vya picha. Zidisha vyote, gawa kwa mbili: takriban mililita 22. Mstari wa kati wa ubongo ulikuwa umesogea milimita 4. Chini ya bonge, ubongo wenyewe haukuwa na jeraha.

Miongozo inayotumika duniani, ambayo msingi wake ni wagonjwa watu wazima, inasema bonge la aina hii likizidi mililita 30 litolewe bila kujali mgonjwa ana fahamu kiasi gani. Likiwa chini ya hapo, unene usifike milimita 15, mstari wa kati usisogee zaidi ya milimita 5, na mgonjwa awe na fahamu nzuri bila udhaifu wa viungo, anaweza kuangaliwa kwa karibu bila kupasuliwa. Mtoto wetu alikuwa ndani ya mipaka yote isipokuwa unene. Watoto wengi wenye mabonge madogo hupona bila kisu, damu ikayeyuka na kunyonywa kidogo kidogo. Nikampigia simu bingwa wa upasuaji wa ubongo, tukaangalia picha pamoja kwa simu. Tukakubaliana: kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, vipimo kila nusu saa, chumba cha upasuaji kiwe tayari, damu ya akiba itafutwe, na bibi akae kitandani.

Hilo la bibi nililisema mimi, na nililisema kama agizo la tiba.

Je, ilikuwa sahihi kungoja? Nimejiuliza. Kwa kitabu, ilikuwa mpakani: unene peke yake ulikuwa umezidi. Kwa hali yetu, Jumapili jioni, mtaalamu wa usingizi mmoja na muuguzi wa chumba cha upasuaji mmoja kwa hospitali nzima, leo ningesogea mapema zaidi. Bonge la milimita 18 juu ya panja, ambako ubongo hauna nafasi ya kukimbilia, si la kuliachia usiku uingie. Tulibahatika kwamba hakuna mama aliyehitaji upasuaji wa kujifungua saa ile.

Saa mbili usiku bibi alimwita sista. Sista akaniita. "Dokta, sasa ananiita kwa jina la mama yake. Na anasema ng'ombe wameingia kwenye viazi. Sisi hatuna ng'ombe."

Maneno 4. Macho sasa yalifumbuka kwa kubonyezwa ukucha tu, 2. Jumla 12. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 96 yalishuka hadi 68, na shinikizo la damu la juu likapanda kutoka 104 hadi 122. Mkono wa kushoto ulishika kidole changu kwa ulegevu. Mboni zote mbili bado zilikuwa sawa na zilisinyaa kwa mwanga. Mapigo kupungua huku shinikizo likipanda ni kilio cha ubongo unaobanwa, na mboni za macho ndizo hufuata. Mboni ya upande wa jeraha ikishapanuka na kugoma kusinyaa, ubongo umeanza kuteremka na kubana neva ya jicho, na hapo dakika zinahesabika.

Kwa hiyo bibi alituambia kabla ya mboni kutuambia.

Kwa nini tundu dogo, na lini lisiwe dogo

Upasuaji wa zamani wa damu ya namna hii unafungua ngozi kwa mkato mkubwa wenye umbo la alama ya kuuliza, kutoka mbele ya sikio, nyuma, mpaka karibu na paji la uso, kisha bamba la mfupa linatolewa. Unaona kila kitu. Kwa mgonjwa ambaye ubongo umevimba, au ana damu pia chini ya utando, au mboni imeshapanuka, hiyo bado ndiyo njia, na mtu asidanganywe na maneno mazuri ya upasuaji mdogo.

Ila ngozi ya kichwa inatoa damu kuliko sehemu nyingi za mwili, na mtoto hana damu ya kupoteza. Fanya hesabu. Mtoto wa kilo 25 ana damu kama mililita 70 hadi 75 kwa kila kilo, yaani karibu mililita 1,800 mwili mzima, isiyojaza chupa mbili za lita moja. Mkato mkubwa ukimtoa mililita 300, amepoteza sehemu moja ya sita. Shinikizo linashuka. Na kwa ubongo uliojeruhiwa, shinikizo kushuka ni pigo la pili baada ya lile la mzizi. Kwa umri wake hatukutaka shinikizo la juu liguse chini ya 88 hata mara moja. Kanuni ni 70, jumlisha umri mara mbili. Kwa mtoto, udogo wa mkato una faida ya kovu na ya nywele, na bibi zake watafurahi, lakini faida inayookoa maisha ni ile ya damu na ya muda mfupi chini ya nusu kaputi.

Njia ndogo ziko nyingi. Nchini China madaktari hutumia sindano nene inayotobolewa moja kwa moja kupitia fuvu hadi kwenye bonge, damu ikanyonywa, kisha dawa ya kuyeyusha kama urokinasi ikaingizwa ili kilichobaki kitoke kwa siku kadhaa. Wengine huingiza endoskopu, kamera nyembamba yenye taa, kupitia kidirisha cha sentimita mbili au tatu na kuona mpaka chini ya kingo za mfupa. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi haujafunga na ana majimaji ya damu chini ya utando, sindano kwenye pembe ya utosi inaweza kutosha. Hapa niseme jambo zito: damu chini ya utando kwa mtoto mchanga asiyetembea, bila maelezo yanayoeleweka, inamtaka daktari aulize kama kuna mtu aliyemtikisa au kumpiga.

Kinachoamua njia ni damu yenyewe ikoje. Damu ya siku moja ni bonge, ngumu na laini kwa pamoja, kama ini. Haipiti kwenye tundu la kalamu. Ikikaa wiki mbili tatu huyeyuka, na ile iliyo chini ya utando hugeuka rangi na uzito wa oili chafu. Hiyo ndiyo inayotoka yenyewe kwa tundu moja, na unaacha mrija imalizike. Damu ya mtoto wetu ilikuwa na saa 30. Tena ateri iliyoitoa huenda ilikuwa bado inavuja, na sindano haioni ateri. Sina urokinasi stoo, wala uwezo wa kupiga CT kila ninapotaka usiku kucha kujua dawa inafanya nini. Kwa hiyo tuliamua njia ya katikati: mkato ulionyooka wa sentimita 5, tundu moja, kisha tundu lipanuliwe liwe kidirisha cha sentimita 3, nitoe bonge kwa macho yangu na nikutane na ateri uso kwa uso.

Ruhusa ya kufanya hivyo tulipewa na mboni mbili zilizokuwa bado sawa. Zingekuwa zimepishana, nisingekuwa na haki ya kuchagua mkato mdogo na wa polepole.

Meza ya upasuaji

Manitoli, dawa ya kupunguza shinikizo ndani ya fuvu, ilikuwa imeganda. Baridi ya Mbeya ya katikati ya mwaka huifanya iote fuwele ndani ya chupa, kama chumvi chumvi, na ukiiingiza hivyo mwilini ni hatari. Sista aliizamisha chupa kwenye beseni la maji ya moto akaigeuza geuza mpaka ikang'aa, huku sisi tukimsukuma mtoto ukumbini. Nusu gramu kwa kilo: mililita 62.5 za asilimia 20. Kuna dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, asidi ya traneksamiki, iliyojaribiwa kwa majeruhi wa kichwa katika utafiti mkubwa wa CRASH-3 uliotolewa mwaka 2019. Ulihusu watu wazima, na matokeo yake makuu ni ya waliopewa dawa ndani ya saa tatu za mwanzo. Sisi tulikuwa mbali na saa tatu, hatukuitumia.

Mtaalamu wa usingizi alimlaza, akaweka mpira wa kupumulia, akashikilia hewa ukaa kati ya 35 na 40 na shinikizo juu ya 100 muda wote. Nusu ya upasuaji wa ubongo wa mtoto hufanyika upande ule wa pazia, na huko hakusifiwi vya kutosha.

Mahali pa kutoboa tulipata kwa rula ya plastiki. Vipande vya picha vilikuwa na milimita 5 kila kimoja. Bonge lilikuwa nene zaidi kwenye kipande cha nane juu ya tundu la sikio. Nane mara tano, milimita 40. Nikapima sentimita 4 kwenda juu na 1 kwenda mbele, nikaweka alama kwa kalamu, nikamwomba mwenzangu apime tena bila kuona vipimo vyangu. Alama zake na zangu zilipishana kwa upana wa kalamu. Ukifungua mkato mkubwa, kosa la sentimita mbili unalisahihisha. Ukifungua kidirisha, kosa hilo linakupeleka kwenye mfupa mzima usio na kitu chini yake.

Tulinyoa ukanda wa nywele wa vidole viwili tu. Baada ya ngozi, msuli wa panja ulipasuliwa kufuata nyuzi zake, na ufa ukaonekana: mstari mwekundu, unatokwa na tone moja moja. Tunatumia keekee ya mkono, ndugu wa ile ya fundi seremala. Fuvu la mtoto pale lina unene wa milimita chache, kwa hiyo unashika kwa uzito wa keekee yenyewe na hukandamizi. Kuna mahali unahisi ncha inaanza kunasa na kuyumba. Hapo ndipo pa kusimama, kubadilisha kichwa cha keekee, na kumalizia taratibu.

Bonge lilijisukuma lenyewe kutoka kwenye tundu, jeusi, linang'aa, kwa nguvu ya ubongo uliokuwa unalisukuma kutoka chini. Mtaalamu wa usingizi akasema, "Mapigo yanapanda." Themanini, tisini. Sikuwa nimetoa hata robo.

Kupanua tundu kwa koleo la kung'ata mfupa, kunyonya, na kuosha kwa salini ya uvuguvugu kulichukua nusu saa. Pembezoni, damu iliyoshikamana na utando mbali na macho yangu niliiacha kidogo. Kuvuta usichokiona ni kuanzisha mto mpya wa damu. Ateri ilikuwa hapo hapo chini ya ufa, inavuja kwa mapigo. Tuliichoma kwa koleo la umeme, tukapaka nta kwenye kingo za mfupa, kisha tukaushona utando kwenye kingo za kidirisha kwa nyuzi nne ili usiachane tena na mfupa na kuacha shimo la damu kukusanyika. Hatua hii watu huiruka wakiwa na haraka, na ndiyo inayorudisha wagonjwa mezani. Utando ulipanda, ukaanza kupiga pamoja na moyo. Mrija, nyuzi, bandeji. Dakika 75, damu iliyopotea kama mililita 110. Ile ya akiba haikuguswa.

Kosa la pili lilikuwa lile lile la kwanza

Aliamka mezani, akatolewa mpira wa kupumulia, akapelekwa chumba cha uangalizi. Na sisi, watu ambao saa chache nyuma tulikuwa tumeokolewa na masikio ya bibi, tukamwambia bibi akalale nje kwa sababu utaratibu wa wodi hauruhusu ndugu usiku.

Saa tisa usiku mtoto alianza kuhangaika. Aligeuka, akapiga kelele, akauvuta mrija ukatoka nusu. Wauguzi walifanya walichofundishwa: mgonjwa aliyetolewa damu kichwani akichachamaa usiku, fikiria damu imerudi. Nilipigiwa simu, nikiwa njiani nikaagiza chumba cha CT kifunguliwe. Kumpeleka kungemaanisha kumpa dawa ya usingizi, na dawa ya usingizi ingefunika dalili zile zile tulizokuwa tunazitafuta.

Sista wa zamu, mama mtu mzima wa Kyela, hakungoja. Alimsikiliza mtoto, akamjibu kwa Kinyakyusa, akatoka kumwita bibi aliyekuwa amejikunyata na kanga kwenye benchi. Nilipoingia, mtoto alikuwa ametulia. Alikuwa ameota bado yuko juu ya mti. Alijua jina lake, la mwalimu, na alilalamika mkono unauma penye kanula. Mkono wa kushoto ulinibana kidole mpaka nikacheka. Kumi na tano. Mrija tuliuondoa kabisa, ulikuwa umeshatoa mililita 40 na umekaribia kukauka. CT tuliipiga asubuhi kama ilivyopangwa: ukanda wa damu wa milimita 4, mstari wa kati umerudi mahali pake.

"Ndaga fijo," bibi alimwambia sista, si mimi, na alikuwa sahihi.

Ambayo ningeyafanya tofauti

Ningekuwa na mashine ya umeme ya kukata mfupa, ningetoa kidirisha kama sarafu na kukirudisha. Kwa koleo, mfupa unatoka vipande vipande, na pale pamebaki pengo la sentimita 3 linalofunikwa na msuli. Kwa watoto wadogo sana mfupa huota tena vizuri kutoka kwenye utando. Kwa miaka 9 huota kwa kiasi. Nilimweleza bibi, na nilimweleza mtoto: miezi mitatu hakuna kupiga mpira kwa kichwa, hakuna mti, na akipanda bodaboda avae kofia ngumu inayomtosha.

Nimeongea pia na wenzetu wa zahanati, bila lawama, maana kila mmoja wetu ana mtoto aliyewahi kumrudisha nyumbani. Tumeandika karatasi moja kwa Kiswahili ya kumpa mzazi wa mtoto aliyegonga kichwa. Inasema mrudishe mara moja akitapika zaidi ya mara moja, akiwa mgumu kuamshwa, akiumwa kichwa kinachozidi, akizungumza mambo yasiyokuwepo, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au akitokwa na maji au damu sikioni au puani. Juu kabisa tumeandika kwamba mtoto anaweza kuamka, kula na kutembea, na bado damu inaendelea kukusanyika. Kipindi kile cha unafuu ndicho kinachoua watoto huku, kwa sababu kinafanana sana na kupona, na kati ya Tukuyu na Mbeya kuna kama kilometa 70 za kona na ukungu.

Kwenye fomu yetu ya uangalizi nimechora mstari kwa rula: lugha ya nyumbani, na nani wa kuitwa usiku. Kiwanda cha uchapaji hakijaupata, kwa hiyo tunauchora kwa mkono kwenye kila fomu mpya. Bibi, mama au shangazi sasa analala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mtoto aliyeumia kichwa, na msimamizi wa wodi amekubali.

Mtoto aliondoka siku ya sita. Baada ya wiki sita alirudi, nywele zimeota, kovu halionekani mpaka uzigawe. Mkono wa kushoto una nguvu sawa na wa kulia. Mwalimu anasema anasoma kama zamani, ila anachoka mapema na hukasirika upesi, jambo ninalolitarajia kwa miezi kadhaa. Nilibonyeza pale juu ya sikio kwa kidole: pamelegea kidogo, hapaumi. Atarudi kwenye mwezi wa tatu nione kama kingo zimeanza kukaribiana.

Nilimuuliza bibi kama mti wameukata. Akashangaa. Unatoa magunia, na ada ya shule inatoka hapo. Upembo ndio ameurefusha, ameunganisha kipande cha mwanzi.